Wanaoishi Iowa naombeni mnieleze hili jimbo likoje, na mahindi yote yale yanakwenda wapi?

BabaNeema_Houston

Wakuu habari za jioni,

Mimi na familia tupo Houston. Binamu yangu alihamia Cedar Rapids na tangu afike huko kila akipiga simu ni njooni Iowa, njooni Iowa, nyumba bei rahisi, shule nzuri, kazi zipo na watu wetu wamejaa, Wakongo, Warundi, Wakenya, sie Wabongo wachache. Kiangazi kilichopita tukaenda kumsalimia kwa gari. Aisee tulipoipita Des Moines kuelekea mashariki ni mahindi na soya, mahindi na soya, unaendesha saa nzima huoni mtu shambani hata mmoja, nyumba mojamoja kwa mbali na maghala ya chuma yanang'aa juani, na zile barabara za changarawe zinakatana miraba miraba kama daftari la hesabu. Mimi nimekulia Songea, mahindi nayajua tangu utoto, lakini vile sijawahi kuona.

Jioni mama watoto anataka kusonga ugali, tumezunguka supamaketi mbili unga wa maana hakuna, tukaishia kupika wali. Nikamuuliza binamu, haya mahindi yote yanaliwa na nani? Hajui, yeye anaingia kazini usiku anarudi asubuhi analala.

Sasa kabla sijaing'oa familia hapa nataka kuelewa ninakokwenda. Kwa nini mahindi yamekubali kiasi kile? Kabla ya hao wakulima waliishi akina nani? Uchumi umesimama juu ya nini zaidi ya kilimo, na bei ya mahindi ikianguka ndo wote tunaanguka nayo? Mwenye uzoefu anisaidie, hata iwe maelezo marefu nitasoma yote.

Mnyalukolo_Ames

Mtani wangu wa Songea karibu sana, umeuliza kitu ambacho ndo kazi yangu, nilikuja Ames kusoma mambo ya udongo na mpaka leo nashinda mashambani.

Yale mahindi uliyoyaona hayalimwi ale mtu. Ni ya njano, magumu, punje ina kishimo utosini, yanaachwa yakaukie kwenye mabua mpaka mwezi wa tisa, wa kumi, kombaini inapita inavuna na kupukuchua hukohuko, lori linapeleka ghalani au moja kwa moja kiwandani. Matamu ya kuchemsha yapo ila kidogo sana, utayakuta Julai na Agosti yanauzwa nyuma ya pikapu pembeni ya barabara. Zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa yanakuwa ethanoli, maana yake unayatia kwenye gari lako hapohapo Houston, kwa sababu petroli ya Marekani karibu yote ina asilimia 10 ya ethanoli, na sheria za 2005 na 2007 ndo zilizofanya hivyo viwanda viongezeke haraka. Busheli moja ni kilo 25 na kidogo, kiwandani inatoa kama lita 11 za ethanoli, na makapi yanayobaki, kilo 7 au 8 hivi, yana protini nyingi wanalishia mifugo. Yasiyoingia huko yanaliwa na nguruwe na kuku, mengine yanageuzwa wanga na ile sukari ya maji wanayotia kwenye soda, mengine yanashuka kwa matishari Mto Mississippi mpaka New Orleans yakapande meli, mengine yanaenda kwa treni Meksiko. Iowa ndo namba moja Marekani kwa mahindi, nguruwe, mayai na ethanoli. Nguruwe zaidi ya milioni 20, na watu ni milioni 3 na laki mbili tu.

Sembe yetu ni ya mahindi meupe, na wanaolima meupe huku ni wa kutafuta kwa tochi. Nenda duka la Waafrika au la Wameksiko utapata.

Mavuno sasa. Mwaka mzuri eka moja inatoa busheli 200 na zaidi, hizo ni tani 5, yaani gunia 50 za kilo mia. Wewe na mimi tunajua kwetu mkulima mdogo akipata gunia 15 kwa eka anaita majirani. Jimbo zima linavuna zaidi ya tani milioni 60, na Iowa yote ina kilomita za mraba kama 145,000, Tanzania unaweza kuzipanga Iowa sita na nafasi ikabaki.

Kwa nini yamekubali: barafu, nyasi na mabomba.

Miaka kama elfu 14 iliyopita barafu nene ilishuka kutoka kaskazini ikafika mpaka jiji la Des Moines lilipo leo, ikasaga mawe, ikasawazisha vilima, ilipoyeyuka ikaacha ardhi tambarare yenye vidimbwi vingi. Kule magharibi kando ya Mto Missouri upepo ukarundika lile vumbi laini mpaka likawa milima, inaitwa Loess Hills, sehemu nyingine vumbi lina unene wa mita 60, milima ya aina hiyo mikubwa kuliko hiyo iko China. Juu ya hii ardhi zikaota nyasi ndefu, zingine zinampita mtu mrefu na mizizi yake inashuka mita mbili au tatu, zinakufa zinaoza zinaota tena, maelfu ya miaka, ndo ukatokea huu udongo mweusi. Hizo nyasi zilifunika karibu asilimia 80 ya jimbo. Leo haijabaki hata moja ya kumi ya asilimia moja, vipande vya kwenye makaburi ya zamani na pembeni ya reli. Nikipata muda huwa naenda kuviangalia, mimea ya aina nyingi sana kwenye kipande ambacho hakizidi uwanja wa mpira, na ukivuka waya tu ni soya mstari mmoja mpaka upeo wa macho.

La tatu hutaliona ukiwa kwenye gari. Sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa majimaji, huwezi kuingiza hata farasi. Tangu mwisho wa karne ya 19 wakulima wakaanza kufukia vigae vya udongo kina cha mita moja hivi, maji yanapenya yanatoka, siku hizi ni mabomba ya plastiki yenye vitundu. Simama kwenye ukingo wa mtaro mwezi wa tano utaona mdomo wa bomba umetokeza kwenye majani, maji yanachuruzika masafi kabisa hata kama mvua haijanyesha siku kadhaa. Unayaona masafi lakini yamebeba naitreti ya mbolea na ya samadi ya nguruwe. Yanaingia mtaroni, mtaroni mpaka Mto Raccoon na Mto Des Moines, na hiyo ndo mito jiji la Des Moines linakunywa. Kiwango cha mwisho kisheria ni miligramu 10 kwa lita kwa sababu naitreti ikizidi inawadhuru watoto wachanga, damu inashindwa kubeba oksijeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji ya jiji ilijenga mtambo wa kuiondoa, ni kati ya mikubwa duniani. 2015 ikazishtaki kaunti tatu za kaskazini magharibi, 2017 mahakama ikaitupa kesi. Juni 2025 naitreti ikapanda mpaka watu wa Des Moines na vitongoji wakakatazwa kumwagilia bustani za majani, ili mitambo imudu maji ya kunywa. Na yanayobaki yanateremka mpaka Ghuba ya Meksiko, kila kiangazi kuna eneo kubwa baharini karibu na Louisiana samaki hawawezi kuishi.

Hii ardhi naipenda, ni kati ya ardhi bora kabisa duniani na wakulima wa hapa ni watu wanaojua kazi yao, ndo maana inaniuma. Tunaichukulia haiishi. Udongo wa juu umeshapungua sana tangu jembe la kwanza lipite, na mtu anayelima zao lilelile kwenye mteremko bila kufunika udongo wakati wa baridi anaendelea kuumwaga mtoni kila masika.

MamaFuraha_Waterloo

Baba Neema jambo. Mi niko Waterloo, kwetu Uvira, tulipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuja huku. Ndugu wa Ames ameeleza mahindi vizuri, mi nataka nikuambie ile kazi binamu anasema iko, ni kazi gani, maana watu banakuja bila kujua halafu wanalia.

Bandugu wengi wanafanya nyama ya nguruwe. Unavaa buti ya mpira, aproni, kofia ngumu, glovu ya chuma kwa ule mkono unaoshika nyama. Ndani ni ubaridi wa friji mwaka mzima, hata nje kukiwa joto la Agosti. Nyama inakuja juu ya mkanda na kila mtu ana mkato wake, mimi nilikuwa natoa mfupa wa bega, mkato uleule tangu naingia mpaka natoka, na mkanda haukusubiri wewe sababu umechoka. Kitu cha kwanza jifunze kunoa kisu. Kisu butu unasukuma kwa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu siku nzima usiku vidole vinakufa ganzi, unashindwa kushika hata kikombe. Mimi mkono uliniuma siku nyingi, hawataki kuniandikia kwa daktari, nikabaki nalalamika mpaka mama mmoja wa Bosnia aliyekaa pale zamani akaniambia andika kwa karatasi, tarehe na jina la supavaiza, weka kopi. Baada ya hapo ndo nikatumwa. Kwa hiyo mkiingia, andikeni kila kitu.

Lakini pia nisiseme uongo, ile pesa ndo imetulipia nyumba. Yetu ina vyumba vitatu na kabustani nyuma, kule kwenye miji mikubwa tusingeweza. Mtoto mkubwa yuko koleji. Na kila Julai batoto wa sekondari wanapata kazi ya kung'oa mbelewele kwa mashamba ya mbegu, wanaamka usiku, basi linawachukua, mahindi yamelowa umande mpaka nguo zinakamuliwa, saa sita jua linawaka. Wanafanya hivyo ili mstari mmoja usijichavushe wenyewe, uchavushwe na wa jirani, ndo inapatikana ile mbegu chotara. Wangu alirudi mikono yote imechanwa na majani, lakini alijinunulia laptopu yake.

Uliuliza usalama wa kipato. Kule Perry, mji mdogo karibu na Des Moines, kiwanda cha nguruwe kilifungwa Juni 2024, watu kama 1,300 kazi ikaisha, na mji wote ulikuwa watu elfu nane hivi. Wakati wa corona 2020 kiwanda kimoja hapa kwetu Waterloo waliambukizwa watu zaidi ya elfu moja, wengine walikufa, nawajua watu waliozika. Kwa hiyo kazi iko, pesa iko, lakini usije na mpango wa kuzeeka kwa mkanda. Njoo na mpango wa miaka michache, soma Kiingereza jioni, chukua cheti cha kuchomelea ao cha kuhudumia wagonjwa, toka.

Mvita_IowaCity

Assalaam alaykum ndugu yangu. Mama Furaha Mungu akulinde na mkono wako. Niongeze kwa Waislamu wanaosoma: viwanda vingi vya hapa ni nguruwe, na kuna walioghairi siku ya kwanza mlangoni. Kuna cha bata mzinga West Liberty na cha ng'ombe kule Tama, ulizia mapema kabla hujafungasha.

Nataka kujibu lile la waliokuwepo kabla, maana huku watu wengi wanaanza hadithi na mkulima wa Kijerumani na ng'ombe wake. Ardhi hii ilikuwa ya Waioway wenyewe, Wasauk, Wameskwaki, Wadakota na wengine. Wafaransa walidai ni yao kwenye karatasi, 1803 wakaiuzia Marekani ndani ya lile pande kubwa la Louisiana kwa dola milioni 15, waliokuwa wakiishi humo hakuna aliyewauliza. 1832 kiongozi wa Kisauk Black Hawk akavuka Mississippi na watu wake kurudi kwao Illinois, wakapigwa, wengi waliuawa wakivuka mto kurudi, wake kwa watoto. Kama adhabu wakanyang'anywa ukanda wa mashariki ya Iowa, na Juni 1833 walowezi wakafunguliwa mlango. 1846 ikawa jimbo la 29. Hesabu mwenyewe, miaka 13 tu.

Wameskwaki walipelekwa Kansas kwa lazima lakini wapo waliojificha wakabaki na wapo waliorudi. Sasa sikia walivyofanya. Waliuza walichokuwa nacho, wakachanga, na 1857 wakanunua eka 80 kando ya Mto Iowa, kaunti ya Tama, kwa dola elfu moja. Wenyeji wa nchi wakainunua nchi yao kwa pesa. Wapo palepale mpaka leo, ardhi yao imekua imepita eka elfu nane, wana shule yao, lugha yao inasemwa, na kasino yao imeajiri watu wengi wa kaunti ile. Mimi kila nikipita haiwei 30 nawaheshimu watu wale.

Na watu weusi hatukuanza kufika na ndege za wakimbizi. 1839, Iowa ikiwa bado eneo tu, haijawa jimbo, mtu mmoja aliyeitwa Ralph alikuwa akichimba madini ya risasi Dubuque ili amlipe bwana wake wa Missouri dola 550 ajikomboe. Pesa hazikutimia, wakaja kumkamata. Kesi ikafika mahakama kuu ya eneo, nayo ikasema aliyeletwa kuishi huku kwa ridhaa ya bwana wake hawezi kurudishwa utumwani, ni mtu huru. 1868 mahakama kuu ya jimbo ikaamua mtoto Susan Clark wa Muscatine haki yake kusoma shule moja na wazungu, nchi nzima ilikuja kufika hapo 1954. George Washington Carver alizaliwa utumwani, akaja kusoma chuo cha Iowa State kule kwa ndugu yetu wa Ames, mwanafunzi mweusi wa kwanza pale, 1896 akapata shahada ya pili ndipo akaenda Alabama. Kulikuwa na mji wa makaa ya mawe, Buxton, tangu 1900 hivi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, weusi walikuwa wengi kuliko wazungu kwa miaka kadhaa, na madaktari, mawakili na wafanyabiashara weusi walikuwa wa kawaida. Makaa yalipopungua watu wakatawanyika, leo pale ni mashamba.

Miji mingine ilijengwa na waliohama pia, Waholanzi Pella, Wacheki Cedar Rapids, Wanorwei Decorah, Wajerumani kila mahali. 1975 gavana Robert Ray akawapokea Watai Dam waliokimbia vita vya Asia, wakati magavana wengine wakisita. Watoto wetu wakiulizwa shuleni mmetoka wapi nawaambia waulize na wao pia, karibu kila familia ina jibu.

Kaka_wa_Ankeny

Nimefurahia michango ila naona mnamtisha jamaa, Iowa mnavyoieleza ni shamba na machinjio tu. Mimi nafanya kazi bima Des Moines na nataka niseme wazi, ukiangalia thamani ya kinachozalishwa humu jimboni, fedha na bima pamoja na viwanda viko mbele ya kilimo chenyewe. Des Moines ni kati ya miji mikubwa ya bima Marekani, kampuni ya Principal walianzia hapahapa 1879. Cedar Rapids kwa binamu yako kuna vifaa vya elektroniki vya ndege, na kuna kinu cha nafaka cha Quaker kati ya vikubwa duniani, asubuhi ukipita katikati ya mji unasikia harufu ya uji wa shayiri. Waterloo wanatengeneza matrekta ya John Deere tangu kampuni iliponunua kiwanda cha pale 1918. Na yale majitu meupe uliyoyaona yanazunguka ni umeme, zaidi ya nusu ya umeme wa jimbo unatoka kwenye upepo, ndo maana Google wako Council Bluffs na Microsoft West Des Moines na mitambo yao ya kompyuta.

Mtu akija na cheti chochote, hata cha miezi, ana pa kuanzia pasipo na kisu.

Mnyalukolo_Ames

Kaka wa Ankeny sawa, takwimu zako nazikubali, ila chimba kidogo uone hivyo viwanda vinatengeneza nini. Trekta linanunuliwa na mkulima. Kinu kinasaga nafaka. Benki imekopesha nani? Mkulima akikosa pesa hanunui trekta jipya, na 2024 bei za mahindi zilipokuwa chini John Deere walipunguza mamia ya wafanyakazi Waterloo na Dubuque. Kwa hiyo Baba Neema swali lako la kuanguka pamoja lina msingi.

Limeshatokea. Miaka ya 1970 Warusi walianza kununua nafaka nyingi, bei ikapanda, serikali ikawaambia wakulima limeni mpaka ukingoni mwa barabara, benki zikamwaga mikopo, ardhi ikapanda kila mwaka na watu wakakopa kwa kuweka rehani ardhi ileile. Halafu riba ikaruka, na Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kwenda Urusi kwa sababu Warusi walikuwa wameivamia Afghanistan. Eka ya wastani Iowa ilikuwa dola 2,147 mwaka 1981, kufika 1986 ni dola 787. Fikiria umekopa kwa ile bei ya kwanza. Familia zilizolima vizazi vitatu vinne zilisimama uani zikiangalia mnada wa trekta zao, wengine walijiua, benki za miji midogo zikafunga, idadi ya watu wa jimbo ikashuka kutoka milioni 2.9 mpaka 2.8 ndani ya miaka kumi. Wazee wa hapa ukiwagusia hiyo miaka wanabadilika sura.

Na hapo ndo inaunganika na habari ya Mama Furaha. Kipindi hichohicho machinjio ya zamani yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu na mishahara mizuri yalikufa, Rath ya Waterloo ilifungwa 1985, yakaja mapya yenye mshahara mdogo na mkanda wa kasi, vijana wa hapa wameshakimbilia mjini, nani aifanye ile kazi? Wameksiko, Wabosnia, Waburma, sisi. Nenda Storm Lake au Denison uone, bila wahamiaji shule zingeshafungwa.

BabaNeema_Houston

Wakuu nimesoma yote, na nimemsomea mke wangu, ile ya eka 80 amenifanya nirudie mara mbili. Mama Furaha ushauri wa karatasi nimeuandika.

Maswali mawili ya mwisho. Moja, mimi mkulima moyoni, kuna uwezekano wa kununua hata eka tano nikalima? Pili, binamu amepata nyumba ya kupanga Cedar Rapids karibu na mto, bei nzuri ajabu, mnasemaje?

Mnyalukolo_Ames

Kununua ni mtihani mtani. Eka ya wastani sasa imepita dola 11,000, iliyo nzuri kule kaskazini magharibi ni zaidi sana, na wenyewe hawauzi vipande, mashamba mengi yanabaki ndani ya ukoo au yananunuliwa na jirani mwenye eka elfu mbili anayetaka kuongeza. Shamba la wastani ni kama eka 345. Mnunuzi wa eka tano utashindana na watu wa mjini wanaotafuta pa kujenga.

Kukodi bustani ndo njia. Des Moines kuna mradi wa Global Greens wa shirika la Kilutheri, wanawapa wakimbizi na wahamiaji kipande, unaanza kidogo, unafundishwa msimu wa huku, unauza kwenye soko lao. Nimeona akina mama wa Kirundi pale wana mchicha, nyanya chungu, maharage na majani ya maboga, na yanaisha kabla ya saa sita. Msimu ni mfupi, baridi ya mwisho inaweza kuua miche mpaka katikati ya Mei na ya kwanza inarudi Oktoba, kwa hiyo miche unaianzia ndani dirishani mwezi wa tatu. Cedar Rapids sijui vizuri, mama wa Waterloo atakuwa na watu wake.

MamaFuraha_Waterloo

Cedar Rapids bandugu wanalima kwa viwanja vya kanisa, nitakutumia namba ya mama mmoja inbox. Mbegu ya lengalenga, ule mchicha wetu, mi ninayo, nitakuwekea.

Mvita_IowaCity

Hilo la nyumba karibu na mto usitie sahihi bado. Juni 2008 Mto Cedar ulifurika mpaka futi 31, mita tisa na nusu hivi, maji yakaingia katikati ya mji, maelfu ya nyumba yakazama, mitaa mingine ilibomolewa yote na sasa ni majani matupu. Nyumba kadhaa zilikaushwa zikapigwa rangi zikarudi kupangishwa. Baada ya hapo 10 Agosti 2020 ukaja upepo wa derecho, haukuwa kimbunga cha kuzunguka, ni ukuta wa upepo ulionyooka, walikadiria kilomita 225 kwa saa pale Cedar Rapids, miti mingi ya mji ikalala chini na watu walikaa bila umeme siku na siku. Ndiyo sababu utaona mitaa haina kivuli.

Kwa hiyo mwambie binamu afanye hivi. Ashuke besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, na tochi, aangalie ukuta chini kama kuna mstari wa maji au ukungu, aangalie boila na paneli ya umeme kama zimeinuliwa juu. Amuulize mwenye nyumba waziwazi kama maji yaliingia 2008 na atake jibu kwa maandishi. Aulize bima ya mpangaji, kwa sababu bima ya kawaida hailipi mafuriko, ile ya mafuriko inanunuliwa peke yake, na Kaka wa Ankeny yumo kwenye biashara hiyo anaweza kukueleza gharama. Ukipata jina la mtaa liandike hapahapa, kuna watu wawili watatu humu walikuwepo mwaka ule, watakuambia maji yalifika wapi.